Mfalme Asiyezika

Siku ya kumi na mbili tangu tumwoteshe, Koragos aligoma kusema.

Si kwamba alikuwa dhaifu. Mishipa yake ilionekana kwenye skrini ikiwaka vizuri, maji ya beseni yalikuwa safi, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amemtukana mpishi wake, mtu aliyekufa miaka elfu mbili na mia nne iliyopita, kwa kumletea mkate wenye mchanga. Matusi alikuwa nayo tele. Majibu ndiyo aliyoninyima.

"Nimeshakwambia, mgeni," alisema kwa Kimakedonia chake cha kukwaruza. "Mfalme hasimulii utawala wake kabla hajamzika aliyemtangulia. Mimi kaka yangu sijamzika. Kwa hiyo hapa unaongea na mtu wa hivihivi tu. Ukimtaka mfalme, nisaidie nimzike."

"Na ukishamzika?"

"Uliza chochote."

Aliniita mgeni kwa sababu ya lafudhi yangu. Nimesoma lugha yake kwa miaka ishirini na sita, na bado kila nikifungua kinywa alikuwa anacheka kidogo. Alidhani mimi ni mwandishi kutoka ng'ambo niliyeketi nyuma ya pazia. Alidhani macho yake yamefungwa kitambaa kwa sababu ya jeraha la mshale, na kwamba mwili wake mzito ni kazi ya dawa. Tulimwacha adhani hivyo. Sheria ilitaka hivyo, na mimi nilikuwa mtu wa sheria, hasa zile zilizonirahisishia kazi.

Niieleze kidogo kazi yetu. Ndani ya mzizi wa jino, hata la mtu wa kale, hubaki chembe ambazo hazikuoza. Tunazipanda kwenye beseni la maji ya chumvi yenye uvuguvugu, tunazilisha umeme mdogo, na baada ya siku sita mishipa inaanza kutambaa kama mizizi ya kunde. Siku moja inakumbuka. Siku nyingine inaongea. Kisheria hicho si mtu, ni nakala, na nakala haina haki ya kuambiwa ukweli, kwa kuwa watatu wa kwanza walioambiwa kwamba wamekufa walinyauka ndani ya saa moja. Uhai wa mwoteshwa ni chumvi ya jino lake. Jino la Koragos tulilipa siku arobaini. Alipokuwa hai alitawala siku thelathini na tisa. Tulilicheka sana jambo hilo kwenye chumba cha chai.

Wamakedonia wa miaka ile walibadilisha wafalme kama mtu anavyobadilisha shati. Alkimos, kaka mkubwa, alitoka na jeshi kwenda kuwazuia Wagalatia waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini; ndio hao ambao wajukuu zao baadaye waliandikiwa waraka na Paulo. Alishindwa. Habari zikafika mji wa Aigai kwamba amekufa, na askari waliobaki mjini wakamtangaza Koragos mdogo mtu kuwa mfalme. Siku thelathini na tisa baadaye askari walewale walimuua kwa mikuki. Mwandishi pekee wa zama zile aliyetaja sababu aliitaja kwa mstari mmoja: kwa kuwa hakuzika.

Katika ukoo ule, anayemzika mfalme ndiye mfalme. Kwetu watu hugombania mashamba baada ya mazishi. Wao waligombania mazishi yenyewe. Kwa nini basi Koragos, aliyekuwa na kila sababu ya kumzika kaka yake, hakumzika? Maiti ilikuwepo. Mfalme aliyefuata aliipata bila taabu, akaiweka shimo moja na maiti ya Koragos, akawazika wote wawili ili awe mfalme mara mbili. Katika shimo hilo ndimo yalimotoka meno tuliyoletewa. Wanahistoria walikuwa wamebishana juu ya swali hilo kwa karne tatu, na jumba la makumbusho lililotuletea kazi lilitaka jibu kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Nami nililitaka kuliko wao. Taasisi yetu ya Tukuyu ilikuwa imepitisha wakuu watatu ndani ya miaka miwili. Mmoja aliondolewa na bodi, wa pili akaondolewa na aliyemwondoa wa kwanza, wa tatu aliandika barua ya kujiuzulu na kuiacha chini ya kikombe. Mimi nilikuwa kaimu. Ukaimu ni cheo kibaya: kiti unakikalia, lakini kila anayeingia ofisini anaangalia kwanza ukutani kama picha yako imetundikwa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa amenipigia simu wiki ile.

"Mwalimu Sekela," alisema, "Alhamisi ya tarehe ishirini tunakutana. Utuletee jibu la huyo Koragos wako, na hilo neno kaimu tutalifuta siku hiyohiyo."

*

Nilimkuta Mzee Ambakisye akisafisha vichujio vya beseni la pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Huyu mkubwa hajambo kidogo leo. Jana alinitia wasiwasi."

Mzee Ambakisye ndiye aliyekuwa mtunza vitalu. Kabla taasisi haijajengwa alitunza miche ya chai kwa miaka thelathini, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi ile na hii, isipokuwa miche ya chai haitukani. Sikuwahi kumsikia akisema nakala. Koragos alimwita "huyu bwana", na yule wa beseni la pili alimwita "mkubwa".

Mkubwa ni Alkimos. Hapa nakiri kosa langu la kwanza. Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba ndugu hawaoteshwi pamoja. Kila mmoja awe na jengo lake na maji yake. Lakini jengo la pili lilikuwa bovu paa, mvua za Tukuyu mnazijua, na mimi nilitaka niwe na jino la akiba endapo Koragos angenishinda. Nikaagiza Alkimos apandwe beseni la jirani, kwenye bomba moja la maji, na koki ya shaba katikati ikiwa imefungwa. Mzee Ambakisye alinikumbusha kanuni. Nilimjibu kwamba kanuni inawahusu waoteshwa wanaoongea, na jino la Alkimos lilikuwa na ufa, haikuelekea angeongea. Kweli, tangu mishipa yake iote alikuwa hajatamka neno.

"Huyu bwana anataka kuzika," nilimwambia. "Tumfanyie mazishi."

"Amzike nani? Mkubwa si huyu hapa?"

"Mazishi ya sauti, mzee. Tutamchezea kelele za jeshi, wanawake wanaolia, kuni zinazopasuka. Haoni. Atajuaje?"

Alifuta mikono kwenye aproni yake taratibu. "Mama, mimi sijasoma vitabu vyako. Lakini mtu kumdanganya mazishi ya ndugu yake, hilo kwetu hatulifanyi hata kwa mlevi."

"Ni nakala, mzee."

"Haya," alisema, na akaendelea na vichujio.

*

Tulifanya mazishi siku ya Jumanne, saa tisa alasiri. Mzee Ambakisye, pamoja na kununa kwake, aliifanya kazi kwa moyo; hakujua kufanya kazi kwa namna nyingine. Alileta vipande vya msonobari akavichoma karibu na kifaa kinachompelekea Koragos harufu. Nilitengeneza sauti kutoka maktaba: watu elfu mbili wakinong'ona uwanjani, farasi, ngao zikigusana. Nilikaa kwenye kipaza sauti nikawa mwandishi wa nyuma ya pazia.

"Wamefika wote?" Koragos aliuliza.

"Wote."

"Nasikia msonobari. Mmechagua kuni nzuri." Sauti yake ilikuwa imelegea. "Amevikwa nini?"

"Joho la zambarau."

"Na uso? Umefunikwa?"

"Umefunikwa."

"Vizuri," alisema. "Vizuri ukifunikwa."

Desturi yao nilikuwa naijua kutoka vitabuni. Mfalme mpya husimama kichwani pa maiti na kumwita kwa jina mara tatu. Maiti akinyamaza mara zote tatu, kuni zinawashwa, na aliyeita anakuwa mfalme. Nikisoma, nililiona kama pambo tu la sherehe, kama vile sisi tunavyorusha mchanga kaburini. Sikujiuliza kwa nini watu wazima wenye silaha wasimame kimya kusikiliza kama maiti itajibu.

"Alkimos," aliita Koragos.

Nilipunguza sauti ya umati. Kuni zikalia peke yake.

"Alkimos."

Ya tatu ilichelewa. Kwenye skrini niliona mishipa yake ikitetemeka kama inavyotetemeka ya mtu anayebeba kitu kizito. Nilidhani ni huzuni, na hata machozi yalinilengalenga, mjinga mimi.

"Alkimos!"

Skrini ya beseni la pili ikawaka.

Mzee Ambakisye aliruka kutoka kwenye kigoda chake. Mawimbi ya mishipa, hafifu kabisa, yalikuwa yamepenya kwenye maji ya lile bomba moja kupitia koki iliyofungwa, kama harufu ya chakula inavyopita chini ya mlango. Yakafika kwa Alkimos. Na yule ambaye hakuwahi kusema neno, alisema, kwa spika ya beseni lake, na kipaza sauti changu kikampelekea Koragos sauti hiyo.

"Koragos. Ni mimi. Fungua lango."

Niligeuka kuitazama skrini ya Koragos nikitarajia mlipuko, furaha au kichaa, mtu anayesikia maiti ikiongea. Hakushtuka. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutwa mahali alipojificha:

"Bado upo hapo?"

"Nipo. Jeraha nimelifunga kwa mkanda. Siwezi kusimama tena. Wagalatia wako mbali, mdogo wangu, nusu siku nzima. Fungua."

Swali la karne tatu lilikuwa limejibiwa. Mtu aliyesoma vitabu nusu ya nilivyosoma mimi angeelewa palepale: Alkimos hakufia vitani. Alifika mpaka kwenye lango la mji wake mwenyewe, akaita, na ndugu yake ndani akamsikia. Jibu nilikuwa nalo mkononi saa tisa na nusu, Jumanne. Nalisema hili ili msije mkanitafutia udhuru.

"Mgeni!" Koragos alikuwa anapaza sauti sasa. "Mgeni, uko hapo? Waambie walinzi wafungue. Mimi siwaoni. Waambie ni amri yangu. Siku ile sikusema. Leo nasema. Wafungue!"

Mzee Ambakisye alikuwa ameshasimama kati ya mabeseni mawili, macho kwenye mashine ya tafsiri, mkono juu ya koki ya shaba.

"Nifungue, mama?"

*

Koki ile ikifunguliwa, maji yanachanganyika. Waoteshwa wa damu moja wakichanganyika, mishipa inatafutana na kushikana. Wanasikiana, inasemekana hata wanagusana. Ilitokea mara moja tu, kwenye maabara ya nchi nyingine, kwa dada wawili. Waliishi saa ishirini, kisha wote wakanyauka. Walioshuhudia waliandika kwamba katika saa hizo ishirini wale dada hawakunyamaza hata kidogo, na kwamba mengi waliyosema yalikuwa kicheko.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Tukifungua, Koragos na Alkimos wanakutana, na kesho jioni sina hata mmoja. Bodi inakutana keshokutwa na mimi mikononi nina neno moja la mtu mwenye jino bovu, "fungua", na mtu yeyote mwenye kijicho anaweza kusema ni kelele za bomba. Tusipofungua, Alkimos anaisha peke yake. Mistari yake kwenye skrini ilikuwa inashuka tunapoitazama, juhudi ile ya kusema ilikuwa imemmaliza. Koragos angebaki na wiki nne za kusimulia.

"Subiri," nilisema.

"Mama, mkubwa huyu hafiki kesho. Angalia mwenyewe."

"Nimesema subiri, mzee. Kwanza toa waya wa spika ya mkubwa, wasisikiane."

Hakuondoa mkono kwenye koki. "Nitoe sauti?"

"Wanaumizana bure. Toa sauti, tutulie. Tutaamua kesho asubuhi tukiwa na akili safi."

Nilikuwa na sababu nzuri. Uamuzi wa haraka ni wa hatari. Kuharibu waoteshwa wawili bila kibali cha bodi ni kosa la kinidhamu. Jumba la makumbusho lina haki zake. Ukweli unahitaji ushahidi kamili, na ushahidi kamili ni faida kwa wote, hata kwa Alkimos mwenyewe, ambaye historia ingemtendea haki. Nilizisema zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, na Mzee Ambakisye alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote. Kisha aliondoa mkono kwenye koki, akachomoa waya. Sauti ya Alkimos ikakatika.

Nikarudi kwenye kipaza sauti. "Amri yako imewafikia walinzi," nilimwambia Koragos.

"Wamesemaje?"

"Wanasema tusubiri kidogo. Mpaka wahakikishe kwamba nje ni salama."

Nilisikia moto wa msonobari ukiendelea kupasuka kwenye sauti za kuigiza ambazo nilikuwa nimesahau kuzizima.

"Ndivyo nilivyojiambia na mimi," alisema Koragos.

Nilizima sauti zote, nikachukua mwavuli wangu, nikaenda nyumbani.

*

Asubuhi nilipofika, Mzee Ambakisye alikuwa kwenye kigoda chake, ameegemea ukuta, na koti lake begani. Nilijua kabla sijatazama skrini. Mistari ya beseni la pili ilikuwa imelala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaninyooshea karatasi. "Sauti nilizima ulivyoagiza. Ila mashine ya tafsiri haikuzimwa, imeandika alichokuwa anasema. Ameacha saa kumi na moja alfajiri."

Zilikuwa kurasa saba. Mstari wa kwanza: fungua. Wa pili: fungua. Katikati palikuwa na mambo ya utotoni, mbwa fulani aliyeitwa kwa jina, mto waliokuwa wakioga, baba yao akiwachapa kwa sababu ya kuiba asali. Kisha fungua tena. Ukurasa wa mwisho hapakuwa na ombi. Alikuwa anamwambia mdogo wake asiogope, kwamba anaelewa, lango zito na walinzi wachache. Alimtetea hadi mwisho.

"Mzee," nilianza.

"Naenda kunywa chai, Mkurugenzi," alisema.

Kwa miaka sita alikuwa ameniita mama. Tangu asubuhi ile sikulisikia neno hilo tena kinywani mwake. Hakuwahi kuniudhi, hakuchelewa kazini, hakunisema kwa watu. Alinipa tu cheo changu.

Nilikaa kwenye kipaza sauti.

"Amenyamaza?" aliuliza Koragos kabla sijamsalimu.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi. "Amenyamaza," nilisema.

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

"Ndiyo. Alfajiri." Alivuta pumzi, ingawa hakuwa na mapafu. "Basi, amezikwa. Uliza, mgeni. Andika vizuri."

Niliuliza, naye alijibu kila kitu, bila kujitetea na bila kujipamba. Alisema jeshi lilipomtangaza alikuwa juu ya ukuta, na katikati ya makelele ya askari alisikia sauti chini, nje ya lango, akaitambua kabla haijamaliza jina lake. Hakuna mwingine aliyesikia. Hapo alikuwa amekuwa mfalme kwa muda tu wa mtu kunywa kikombe cha maji. Akajiambia kwamba adui wako karibu, kwamba lango likifunguliwa mji utaangamia. Akajiambia kwamba kesho, askari wakishatulia, atalifungua mwenyewe na kumkabidhi kaka yake pete mbele ya wote, na watamsifu. Alkimos aliita jioni yote. Asubuhi hakuita.

"Kwa nini hukumzika?" Hilo ndilo swali lililolipiwa.

"Ningemtoaje pale? Angebebwa na watu wanne mbele ya jeshi zima, na kila mtu angeona jeraha alilolifunga mwenyewe, na kucha zake, na mahali alipokuwa amelala. Hakuna anayefia vitani akiwa amekwaruza lango la nyumbani kwake. Niliagiza lile lango lisifunguliwe, tukatumia la kusini. Siku thelathini na tisa tulitumia la kusini. Askari wakaanza kuulizana: mfalme gani huyu asiyezika? Kumbe walikuwa wanataka kitu kidogo tu kwangu, na ndicho pekee ambacho sikuweza kuwapa."

Niliandika yote. Alhamisi niliyasoma mbele ya bodi na walisimama kunipigia makofi. Mwakilishi wa makumbusho alitokwa machozi. Neno kaimu lilifutwa siku hiyohiyo kama nilivyoahidiwa, picha yangu ikatundikwa, na fundi aliyeitundika aliniuliza kama imekaa sawa nikamwambia imekaa sawa. Kwenye taarifa rasmi, kuhusu beseni la pili, niliandika kwamba mwoteshwa alinyauka kutokana na ubovu wa jino. Ni kweli jino lilikuwa na ufa.

Kuna swali moja ambalo halimo kwenye taarifa. Nilimuuliza Koragos asubuhi ileile ya Jumatano, nilipokuwa nimeshafunga daftari na yeye amechoka. Sikujua kwamba nitauliza mpaka niliposikia sauti yangu.

"Usiku ule, yeye akiwa nje. Ulilalaje?"



"Vizuri," alisema. "Nilikula, nikanawa, nikalala mpaka jua likanipiga usoni. Watu wanadhani mtu hukesha. Ningekesha, walau ningekuwa na kitu cha kumpelekea nikikutana naye."

Sikuliandika jibu hilo. Nilikaa nikitazama mikono yangu juu ya daftari. Jana yake nilikuwa nimepika makande, nikaoga maji ya moto kwa sababu ya baridi, na saa tatu kamili nikazima taa. Mvua ilinyesha usiku kucha, majirani waliniambia. Mimi sikuisikia.